Kofia ya Baba Yake Maganga

Tabora,
Jumapili mchana

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo mama. Shikamoo tena ya pili, na ya tatu ni fidia ya kimya changu. Hujambo? Mgongo vipi, bado unakukamata ukiinama? Na ile miwani niliyokuletea unaivaa, au umeifunga kwenye leso kabatini unaitunza isichakae? Ivae mama, ivae sasa hivi, maana barua ni ndefu na mkono wangu leo unakimbia wenyewe. Mimi mzima wa afya, nakula, nalala, na tangu asubuhi nacheka peke yangu humu chumbani mpaka mwenye nyumba amekuja kugonga mlango kuuliza kama nina mgeni.

Kwenye simu huwa nakwambia "salama, kazi nzuri", halafu tunahamia kwenye habari za mvua na mihogo. Nilikuficha, mama, nisamehe. Miezi miwili iliyopita nilisimamishwa kazi. Nilipewa barua yenye muhuri, nikaambiwa nisikanyage kiwandani mpaka niitwe kwenye kikao, na kwenye kikao hicho wataamua kama nifukuzwe. Nilikaa hapa mtaa wa Ng'ambo chumbani kwangu na begi nimeshalifunga. Kila nikikumbuka kwamba nitashuka kwenye treni na kukukuta umesimama pale stesheni unasema "si nilikwambia?", nalisukuma begi chini ya kitanda. Maana ulinikataza kweli. Ulisema kampuni za wageni zinakuchuja kama tui, zikimaliza zinatupa machicha.

Sasa sikia kilichotokea. Mwisho wake sikwambii kwanza, na usiruke kurasa, nakujua.

Unakumbuka uliponisindikiza stesheni? Mimi nalia, wewe hulii, ukanishika bega ukasema, "Mwamvua, unakwenda kwa watani zetu. Wasikuonee. Na wewe waonee." Hayo tu, hata dua hukusoma. Basi mama, maneno hayo ndiyo yaliyonitia matatani, na hayo hayo ndiyo yaliyonitoa.

Kiwanda chetu unakijua kwa kusikia. Kampuni ni ya Ulaya, ina viwanda vya vyakula katika nchi nyingi. Hiki cha Tabora ni cha asali. Ndoo zinatoka Kaliua na misitu ya huko, tunachuja, tunapima, tunajaza mapipa, mapipa yanapanda treni mpaka bandarini na kuvuka maji. Mimi ni mpimaji. Nina kidude unachungulia kwa jicho moja, kinakwambia asali hii ina maji kiasi gani. Ikizidi maji inachachuka njiani, na asali iliyochachuka hakuna wa kuinunua. Sahihi yangu ndiyo inayofungua mlango wa pipa kutoka.

Siku yangu ya kwanza pale, saa ya chakula, nimefungua bakuli langu la wali wa nazi, nimenawa mikono, akaja baba mmoja mrefu, mweusi, mvi zimemwingia masharubuni. Nikamwamkia kwa adabu zote za Maneromango. Akaitikia, "Marahaba. Kabila gani wewe binti?" Nikasema Mzaramo. Mama we! Yule mzee alipiga makofi, akawageukia wenzake, akasema, "Jamani, mali yangu imefika!" Akachukua bakuli langu, akakaa, akala wali wote mbele yangu, akaramba na kijiko, halafu akanirudishia bakuli tupu na kusema nazi ilikuwa haba.

Huyo ndiye Maganga, Mnyamwezi wa Ntalikwa, msimamizi wa uchujaji. Umri wake ni wa marehemu baba. Mimi nikakaa nikatafakari kidogo, nikanyanyuka, nikamvua kofia yake ya kazi kichwani, nikaenda nayo nyumbani. Kesho yake aliikomboa kwa fungu la karanga. Hapo ndipo nilipojua nimefika kwa watu.

Tangu siku hiyo ilikuwa hivyo kila siku ya Mungu. Yeye: "Mzaramo, leo umekuja kazini au umekosea njia ya ngomani?" Mimi: "Babu yako alitembea kwa miguu kutoka hapa mpaka pwani na mzigo kichwani, alipoiona bahari akauliza mbuga hii nani kaifurikisha. Huna la kuniambia." Kiwanda kizima kinacheka. Lakini sikiliza mama, ndani ya kicheko hicho kulikuwa na kazi. Mimi ni binti mdogo. Siwezi kumsimamia mtu wa umri wa baba yangu nikamwambia "umekosea". Mdomo wenyewe ungekataa. Ila mtani wangu naweza. Nikipima asali yake nikakuta ina maji, nafungua mlango napaza sauti, "Wewe mbeba mizigo! Hii ni asali au uji wa mgonjwa?" Naye anatukana kabila zima la Wazaramo kuanzia Pugu mpaka kwetu, huku anazirudisha ndoo kuzichagua upya. Hakuna aliyeona aibu, hakuna aliyenuna, na asali mbaya haikutoka. Mwaka ule mapipa yetu yalisifiwa kuliko ya viwanda vyao vyote vya nchi nyingine. Walitutumia keki.

Halafu akaja Bi. Helene.

Usimchukie mama, subiri. Ni meneja mpya kutoka makao makuu, amepewa kazi ya kuangalia watu tu: wanavyoishi kazini, wanavyotendeana. Mwanamke mrefu, mwembamba, Kiswahili amesoma darasani. Siku ya kwanza alimwamkia shikamoo kila mtu, hadi mtoto wa mama lishe aliyebebwa mgongoni. Moyo wake mweupe. Lakini alitokea kwenye kiwanda cha kampuni hiyo hiyo katika nchi nyingine, ambako wafanyakazi walikuwa wakitukanana makabila yao na mwisho wakashikiana mapanga. Aliona kwa macho yake. Kwa hiyo alipopita kwenye ukumbi wetu wiki ya kwanza akamsikia Maganga ananiita mla nazi mvivu nisiyefaa hata kwa mahari ya kuku, mama, yule dada alibadilika rangi.

Wiki ya pili waraka ukabandikwa. Ni marufuku kumdhihaki mfanyakazi. Ni marufuku kumtaja mtu kwa kabila lake. Makosa ya kazi yaandikwe kwenye fomu, kila kosa fomu yake, na mtu akifikisha fomu tatu anaondoka. Kumwonya mtu pembeni bila fomu kutahesabiwa ni kuficha kosa. Tukaitwa tukatia sahihi mmoja mmoja. Sisi nani tukatae? Tulidhani ndiyo sheria za Ulaya, na Bi. Helene alidhani ametuokoa.

Lo! Kimya kilichoingia pale sijawahi kukisikia. Mashine zilikuwa zinanguruma lakini ukumbi ulikuwa kimya. Nikiingia asubuhi nasema "Shikamoo Bwana Maganga", anasema "Marahaba Bi. Mwamvua", basi. Mimi Bi. Mwamvua! Chakula changu kikabaki chote, kinanishinda kula. Siku moja chujio lake lilikuwa na taka, na mkaguzi alikuwa amesimama pale pale, nikalazimika kujaza fomu. Nikampelekea. Akaisoma yote, akatia sahihi, akasema "Asante" bila kuniangalia. Heri angenitukana.

Fomu ya pili aliandikiwa na mwingine. Na hapo ndipo watu walipoanza kufichiana. Ndoo ikimwagika inafutwa haraka. Mtu akisahau kukaza mfuniko, mwenzake anageuza uso. Kila mmoja akawa anamchunga mwenzake asimwandike, na anamchunga asije akalazimika kumwandika. Kampuni ilitaka tuheshimiane, tukaishia kuogopana.

Sasa naja kwenye dhambi yangu mama, na hii sijamwambia hata dada yangu.

Wakati wa mvua ulikuja mzigo kutoka Kaliua. Wafugaji wengine wa nyuki walikuwa wamewahi kurina kabla asali haijaiva. Kazi ya Maganga ni kuonja na kutenga ndoo mbovu, na ulimi wake haukosei. Lakini siku hizo baba yake mzazi alikuwa amelazwa, na yeye alikuwa anakuja kazini ametoka kukesha hospitali. Akazipitisha. Nikapima. Maji yamezidi. Nikapima tena. Yamezidi.

Nilishika kalamu kujaza fomu, nikakumbuka ni ya tatu. Nikiandika, Maganga anafukuzwa na baba yake kitandani. Nikaweka kalamu nikaenda mpaka mlangoni kwake. Nikasema, "Shikamoo Bwana Maganga." Akasema, "Marahaba." Nikasimama. Lile neno moja tu la uji, ningelisema lingetosha, angeziondoa ndoo zote kabla ya chai. Sikulisema. Nilikuwa nimetia sahihi kwamba sitalisema. Nikarudi kwenye meza yangu nikaandika kwamba asali ni safi, nikatia sahihi nyingine.

Mapipa yakapanda treni, yakavuka bahari, yakafika huko yamechachuka. Mengine yalifumuka vifuniko. Mnunuzi akayarudisha yote na kusema hataki tena asali ya Tabora mpaka aelezwe kimetokea nini. Mama, makao makuu walichachamaa! Walileta mtaalamu wa mashine, hakuona kitu. Wakabadilisha machujio. Wakawalaumu wafugaji, wakailaumu treni. Sisi tuliokuwa wa kwanza tukawa wa mwisho, na yakaanza maneno kwamba kiwanda kifungwe. Mimi nilikuwa natembea na jiwe kifuani. Kuna siku mbili tatu usiku nilikupigia simu nikakata kabla hujapokea.

Katikati ya hayo baba yake Maganga akafariki.

Tukaenda msibani Ntalikwa, karibu nusu ya kiwanda, na Bi. Helene hakuwepo, alikuwa safarini. Nikamkuta Maganga amekaa kwenye mkeka na ndugu zake, macho makavu, ameduwaa. Akaniangalia mara moja tu. Mama, nilielewa. Ananisubiri. Mtani ameingia msibani, na mtani anatakiwa afanye kazi yake ya kuwachekesha wafiwa. Nikajiambia, waraka na ubaki huko kiwandani, mimi nina mama aliyenituma.

Nikaingia ndani nikaomba kofia ya marehemu, ile ya pama, na fimbo yake. Wajukuu wakanieleza mzee alivyokuwa anatembea, mguu mmoja unavuta, na alivyokuwa anaita watu huku anakohoa. Nikatoka uani nimevaa kofia imenifika puani. Nikawapitia waombolezaji mmoja mmoja navuta mguu, nakohoa. Nikamfikia Maganga nikamgonga na fimbo begani, nikamwamkia kwa lugha yao: "Wewe Maganga! Mwangaluka! Ng'ombe umefungia wapi? Mimi naondoka umekaa tu hapo unakodoa macho! Na huyu Mzaramo umempa chakula au unataka aseme Wanyamwezi wanazika kwa njaa?" Wamama wa kanisa la Moraviani waliokuwa wanaimba tenzi wakakatiza nyimbo kwa kicheko. Ulipofika wakati wa kwenda kaburini nikalala njiani, nikasema jeneza halipiti mpaka niambiwe nani atanilisha wali tena. Na Maganga, mama, Maganga akacheka. Akacheka mpaka akainama, na kicheko kikageuka kilio palepale, akalia machozi yote aliyokuwa ameyazuia tangu hospitali. Ndugu zake walinishika mikono wakanishukuru. Nikaondoka na kofia, maana hiyo ni haki yangu mpaka waikomboe kwa jogoo.

Kumbe kuna aliyerekodi video. Aliirusha kwenye kundi la simu la kiwandani kwa furaha tu, maskini, bila ubaya. Bi. Helene akaifungua akiwa huko huko safarini. Jiweke mahali pake. Anamwona mfanyakazi wake amevaa nguo za marehemu, anamwigiza, anampiga mfiwa na fimbo, na mfiwa analia. Jumatatu yake barua yangu ilikuwa mezani.

Kikao kilikuwa Jumatano ofisini kwake. Kwenye skrini ukutani walikuwepo wakubwa wawili wa makao makuu, mmoja ana kipara kinachong'aa kama sufuria mpya. Bi. Helene ndiye aliyekuwa akitafsiri. Nilivaa lile gauni la kitenge ulilonishonea.

Wakamwita Maganga kama mtu aliyekosewa. Akaingia, kofia mkononi. Bi. Helene akamuuliza kwa upole sana, "Je, mwanamke huyu alimdhihaki baba yako siku ya mazishi?"

"Ndiyo," akasema Maganga.

Bi. Helene akaandika, akauliza tena.

"Ulijisikiaje?"

"Vibaya sana. Alichelewa. Nilimtarajia saa mbili asubuhi, amekuja saa nne. Watu walishaanza kuuliza, wewe Maganga, huko kazini kwenu huna mtani?"

Bi. Helene hakutafsiri. Mwenye kipara akauliza amesema nini. Maganga akaendelea, "Na mimi nina malalamiko yangu, naomba yaandikwe. Miezi minne huyu binti hajanitukana. Ananiamkia kama hakimu. Nilikaa nikawaza, nimemkosea nini? Nimemkosea nini mtoto huyu mpaka aninyime utani? Baba yangu akiwa kitandani ananiuliza, Mzaramo wako hajambo? Nikawa nadanganya, nasema hajambo, jana kanitukana. Mzee amekufa nimemdanganya."

Mama, nililia palepale, sikuona aibu. Bi. Helene akauliza kwa sauti ndogo, "Kwa nini hamkuniambia?" Maganga akamjibu, "Waraka ulisema tusiseme, mama. Tukatii."

Ikawa ni zamu yangu. Nilikuwa nimejiandaa kueleza utani ni nini, njia ya misafara, mababu zetu waliopitishana na kuzikana njiani, yote uliyonifundisha. Nilipofungua mdomo yakatoka mengine kabisa. Nikasema, "Yale mapipa yaliyorudi, ni mimi. Nilipima nikaona yana maji, nikatia sahihi kwamba ni safi." Nikaeleza yote: fomu ya tatu, mzee hospitalini, mlango niliosimama nikashindwa kusema. Maganga hakuwa anajua. Alinigeukia akanitazama, mdomo wazi. Nikamwambia Bi. Helene, "Zamani ningemwita mbeba mizigo, nikamwambia huu ni uji, angeziondoa na tungecheka. Mlitunyang'anya neno hilo mkatupa karatasi. Lakini sahihi ni yangu, sikushikwa mkono. Kama ni kufukuzwa, nifukuzwe kwa hilo, nisifukuzwe kwa kumzika mtani wangu."

Bi. Helene alivua miwani akaifuta muda mrefu. Halafu akaanza kuwatafsiria wale wa kwenye skrini. Alitafsiri kwa muda mrefu kuliko nilivyosema mimi. Nikaambiwa nikasubiri nyumbani.

Siku nane, mama! Siku ya tisa asubuhi nasikia kengele ya baiskeli nje. Bi. Helene, vumbi mpaka magotini, amekuja mwenyewe. Akakaa kwenye kigoda changu. Akasema kwa kile Kiswahili chake kinachochechemea, "Mwamvua, sisi tulichunguza mashine. Tulichunguza na nyuki. Watu hatukuwauliza." Akanipa barua mbili. Ya kwanza ni onyo la maandishi kwa ile sahihi, na ni haki yangu, nimeipokea kwa mikono miwili. Ya pili inasema nirudi kazini Jumatatu.

NIRUDI KAZINI, MAMA! Nilipiga vigelegele peke yangu, majirani wakadhani naolewa.

Na siyo hilo tu. Waraka umeondolewa. Kosa sasa linaongelewa kwanza kati ya watu, fomu ni ya mwisho kabisa, na sheria ya fomu tatu imefutwa. Watani wanaruhusiwa kutaniana, na asiyependa anasema. Wafanyakazi wapya wote watakaa na Maganga na mimi siku moja kabla ya kushika ndoo. Makao makuu hawajaacha tabia yao lakini. Wameleta fomu ya kuorodhesha kila mfanyakazi na watani wake. Maganga ameandika, "Wazaramo wote, walio hai na waliokufa", akatia dole gumba na sahihi juu yake.

Jumatatu yenyewe sitaisahau. Niliingia, watu wote wananitazama. Nikakaa mezani kwangu, nikapima ndoo ya kwanza ya Maganga. Ina maji! Sijui alifanya makusudi, hajakiri mpaka leo. Nikasimama mlangoni, mikono kiunoni, nikavuta pumzi ya miezi yote ile: "Wewe mbeba mizigo! Hii ni asali au uji wa mgonjwa?" Ukumbi ulilipuka. Mpaka mlinzi wa getini alikuja mbio. Maganga akanyanyua ndoo begani anaondoka nayo, anatukana hadi mbuzi wetu wa Maneromango, na machozi yanamtoka. Mzigo wa kwanza baada ya hapo umeshafika huko ng'ambo salama. Mnunuzi yule yule ameuchukua na ameomba mwingine. Habari hiyo imefika jana, ndiyo maana leo siwezi kutulia.

Jumamosi ya wiki iliyopita tulikwenda Ntalikwa kumaliza msiba. Bi. Helene alikuja na jogoo wa kukomboa kofia, amemshika kwa kumkumbatia kama mtoto, jogoo kamchafua gauni lote. Akamuuliza Maganga, "Na mimi, mtani wangu ni nani?" Maganga akamwambia utani hauombwi ofisini. Lakini juzi saa ya chakula Bi. Helene alitoka ofisini anauliza nani kachukua mkate wake. Maganga alikuwa anautafuna mbele yake. Akamwambia, "Nimekuweka kwenye majaribio, miezi mitatu." Bi. Helene akatazama huku na huku, akachukua kikombe cha chai cha Maganga, akakinywa chote amesimama. Watu tulipiga kelele mpaka basi.

Kwa hiyo mama, begi nimelifungua. Sirudi bado. Najua ulikuwa unanitamani nyumbani, na mimi nakutamani, lakini kuja nitakuja kwa likizo, siji kwa kufukuzwa.

Nisalimie kaka Kibwana, mwambie apunguze kuchoma mkaa, kifua chake hakitaki moshi. Shangazi Tatu wa vitumbua, mwambie huku hawajui kuvipika, nikirudi ajiandae. Mjomba muadhini mpe shikamoo yangu, na dua zake zimefika. Dada yangu Sikujua mbusu, halafu mwambie namdai barua. Na jirani yetu bibi Mwanaidi, mpigie kelele sikio la kulia, ndilo linalosikia.

Nimebakiza moja, na hili ndilo nililotaka kukwambia tangu mwanzo. Tulipokuwa tunatoka Ntalikwa Maganga alinisindikiza mpaka barabarani. Akaniuliza habari zako, unavyotembea, unavyoita watu. Nikamuuliza ya nini? Akasema, "Siku ya mama yako nitakuja. Nitapanda treni hiyo hiyo, nitavaa miwani yake, nitalala njiani kaburini kwenu. Deni la msiba silali nalo." Alisema bila utani, mama, mara ya kwanza tangu nimjue.

Nikamjibu hawezi. Nikamwambia, mama yangu anacheka kicheko ambacho hakuna mtu wa kukiiga, itakuchukua miaka na miaka kujifunza. Akasema hana haraka.

Kwa hiyo na wewe usiwe na haraka. Vaa miwani, kunywa dawa, kula. Mtu wa kukuzika umeshampata, ila bado hajui unavyocheka.

Mimi mwanao niliyetumwa niwaonee,
Mwamvua